Mafundi wa Misumeno wa Avenue d'Ivry

Kabla ya kuunda gari hata moja, kampuni ya Panhard et Levassor iliishi kwa misumeno. Sisemi misumeno ya mkono ya kukatia matawi. Ilikuwa ikiunda mashine za useremala, na iliyojulikana zaidi ni msumeno wa mkanda, ule ukanda mrefu wa chuma wenye meno unaozunguka kwenye magurudumu mawili. Hadi leo fundi samani mwenye karakana ya maana hawezi kuukosa. Jean-Louis Périn, aliyeianzisha shughuli hiyo jijini Paris katikati ya karne ya 19, ni miongoni mwa watu walioufanya msumeno huo ufae kwa kazi ya kila siku. René Panhard, mhandisi kijana aliyesoma École Centrale, alijiunga naye mwaka 1867. Miaka michache baadaye Panhard akamvuta mwenzake wa chuo hicho hicho, Émile Levassor. Kiwanda kilisimama avenue d'Ivry, mtaa wa 13, upande wa kusini wa jiji. Périn alipofariki mwaka 1886, kampuni ikabaki na majina ya hao wawili.

Naanza na misumeno kwa sababu historia ya magari husimuliwa kana kwamba kila gari lilitoka kichwani mwa mtu mmoja aliyekosa usingizi. Kwa Panhard na Levassor haikuwa hivyo. Injini waliyoitumia ilibuniwa Ujerumani. Haki ya kuiunda Ufaransa iliwafikia kupitia kwa wakala Mbelgiji aliyekufa mapema, na mjane wake. Minyororo ilishakuwepo kwenye baiskeli. Magurudumu ya meno yalishazungusha mashine za viwandani kwa miaka mingi, zikiwemo zao wenyewe. Mbao ngumu walikuwa nazo, na walijua kuzikata kuliko mtu yeyote Ulaya. Walichokifanya wao ni kupanga: waliamua kipi kikae wapi, kipi kisukume kipi, na dereva aketi upande gani wa moto. Nami naamini kwa dhati kwamba kupanga kwa namna hiyo kunahitaji akili kubwa sawa na kuvumbua, na kwamba tunakosea tunapokupa heshima ya daraja la pili.

Lakini kabla ya kupanga kulikuwa na amana, na aliyeibeba alikuwa mwanamke.

Édouard Sarazin alikuwa wakala wa kampuni ya injini ya Deutz jijini Paris. Katika kazi hiyo alifahamiana na Gottlieb Daimler, aliyekuwa fundi mkuu wa Deutz. Mwaka 1882 Daimler aliachana na kampuni hiyo, akaenda Cannstatt karibu na Stuttgart, akajifungia na Wilhelm Maybach katika banda la bustani la nyumba yake, wakaanza kuunda injini ndogo, nyepesi, yenye mwendo wa kasi kuliko zote zilizokuwepo. Sarazin hakumwacha. Alimfuata kwa barua hadi wakaelewana kwamba yeye ndiye atakayeshughulikia injini hiyo Ufaransa. Sheria ya Ufaransa ya wakati ule ilimtaka mwenye hataza aitumie hataza yake ndani ya nchi, la sivyo inabatilika. Ilibidi basi kiwanda cha Kifaransa kiunde walau injini moja. Sarazin alimjua Levassor, akampelekea kazi hiyo avenue d'Ivry. Kwa wenye misumeno ilikuwa oda kama oda nyingine.

Desemba 1887 Sarazin akafariki. Kabla hajakata roho alimuusia mkewe, Louise, asiiachie injini ya Daimler, na aendelee kushirikiana na Mjerumani yule kwa sababu jambo lake lina mustakabali.

Tukae hapa kidogo. Mwaka 1887 mwanamke wa Ufaransa hakuwa na kura, na mke hakuweza kutia sahihi mikataba mikubwa bila idhini ya mumewe. Ujane, kwa uchungu wake wote, ulimpa Louise uhuru ambao ndoa ilimnyima: sasa angeweza kujisemea. Hata hivyo mkononi hakuwa na mkataba uliokamilika. Alikuwa na neno la marehemu na barua. Daimler angeweza kumpa pole, kisha akatafuta mfanyabiashara mwingine mwenye mtaji na ofisi. Vita vya 1870 kati ya Ufaransa na Ujerumani vilikuwa bado kidonda kibichi, na mjane wa Paris kufanya biashara na kiwanda cha Ujerumani hakukuwa jambo la kusifiwa barazani.

Louise alimwandikia Daimler. Daimler akamjibu kwa heshima kwamba hana haraka ya kujifunga na mtu mwingine. Mwanzoni mwa 1888 Louise akasafiri mwenyewe hadi Cannstatt, akaiona kazi kwa macho yake, na injini ikaletwa Paris. Mwaka uliofuata Daimler akampa rasmi haki za Ufaransa. Mwaka huo huo wa 1889, kwenye Maonyesho Makubwa ya Paris, yale yaliyojengewa mnara wa Eiffel, Daimler alionyesha gari lake jepesi lenye magurudumu ya chuma. Umati ulikuwa umeinua vichwa kutazama mnara, na wachache tu ndio waliolijali. Levassor alikuwa mmoja wao.

Mei 1890 Louise akaolewa na Levassor, na haki za injini zikaingia katika nyumba ya Panhard et Levassor. Wengi wanaosimulia kisa hiki wanapenda kukifanya cha mapenzi, wakitabasamu, kana kwamba injini ilikuwa mahari. Sipendi usimulizi huo. Kati ya kifo cha Sarazin na ndoa ya pili kulikuwa na zaidi ya miaka miwili ya barua, safari na mazungumzo ya bei, na kwa miaka hiyo mwenye kauli juu ya injini ya Daimler katika Ufaransa nzima alikuwa Louise peke yake. Hata Peugeot, waliokuwa wakiunda baiskeli na vyombo vya chuma huko Valentigney, walipotaka kuacha mvuke na kuingia kwenye petroli walinunua injini zilizoundwa avenue d'Ivry kwa haki hizo. Mizizi ya magari mawili makongwe ya Ufaransa inapita mikononi mwake.

Sasa tuje kwenye kupanga. Karl Benz aliweka injini yake nyuma, imelala, chini ya kiti. Daimler naye aliiweka nyuma. Ilikuwa busara ya kawaida: gari lilikuwa kigari cha farasi kilichoondolewa farasi, na mbele palibaki patupu kama palivyoachwa na mnyama. Levassor mwenyewe alianza kwa kuiweka katikati, abiria wakiketi kwa kupeana migongo juu yake. Haikumridhisha. Mtetemo uliwapanda viunoni, joto na harufu ya mafuta vikawafuata, na ili kuigusa injini ilibidi kwanza abiria wateremke.

Mwaka 1891 aliisogeza mbele. Akaisimamisha wima ndani ya kisanduku chenye kifuniko, mahali ambapo farasi angekuwa. Nyuma yake akaweka klachi, nyuma ya klachi gia, na kutoka kwenye gia nguvu ikaenda kwa shafti hadi kwenye magurudumu ya nyuma, ikimalizia safari kwa mnyororo. Vitu hivyo vilifuatana kwa mstari mmoja kutoka pua hadi mkia. Uzito wa injini ukayakandamiza magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo ya kuelekezea, kwa hiyo gari likashika barabara pale lilipokuwa likiteleza. Vumbi la magurudumu likabaki nyuma ya injini. Na fundi akaweza kufungua kifuniko na kufanya kazi yake akiwa amesimama, bila kumsumbua mtu aliyeketi.

Makanika yeyote wa gereji za Gerezani au Grogan anaujua mstari huo bila kuambiwa. Injini, klachi, giaboksi, propela, difu: ndivyo anavyotafuta ubovu, akianzia mbele akirudi nyuma. Malori yaliyobeba pamba, kahawa na karafuu zetu kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 yalipangwa hivyo. Peugeot 404 na 504, zilizobeba abiria kutoka mji hadi mji Afrika Mashariki yote, zilipangwa hivyo, ijapokuwa mababu zao wa 1891 walikuwa na injini ile ile ya avenue d'Ivry ikiwa imewekwa nyuma. Kwa miaka kadhaa Peugeot walibishana na Levassor kwa vitendo, kila mmoja akishikilia upande wake wa gari, hadi nao wakahamia mbele.

Gia zake zinastahili kuangaliwa kwa karibu. Levassor alichukua magurudumu ya meno ya ukubwa mbalimbali, akayapanga kwenye shafti mbili zinazolala sambamba. Shafti moja iliweza kuteleza, na kila ilipoteleza jozi nyingine ya meno ilikutana. Mwanzoni hayakuwa hata na kasha. Yalizunguka wazi chini ya gari, katika vumbi na matope, bila kuoga mafuta. Kubadilisha gia kulimaanisha kulisukuma gurudumu linalozunguka kwa kasi moja liingie kwenye meno ya jingine linalozunguka kwa kasi nyingine. Yaligongana kwa kelele ya kuumiza meno ya binadamu, na mara nyingine yakavunjika. Inasimuliwa kwamba mtu alipomlalamikia, Levassor alikubali kwamba ni njia ya kikatili, ila inafanya kazi. Madereva wa malori ya zamani, waliokuwa wakikanyaga klachi mara mbili kila walipobadilisha gia mlimani, waliurithi ukatili huo moja kwa moja kutoka kwake. Walijua kusikiliza injini hadi sauti ziwiane, ndipo mkono usukume. Kizazi kizima cha utingo kilifundishwa sikio hilo kabla hakijaruhusiwa kushika usukani.

Mwaka huo huo wa 1891 Levassor aliendesha kutoka Paris hadi Étretat, kwenye pwani ya Normandy. Tarehe 22 Julai 1894 gazeti la Le Petit Journal liliandaa mashindano ya magari yasiyovutwa na farasi kutoka Paris hadi Rouen, kilomita 126. Aliyetangulia kufika alikuwa Comte de Dion na trekta lake la mvuke, lakini masharti yalitaka chombo salama, rahisi kuendesha, kisicho na gharama kubwa, na trekta la de Dion lilihitaji mtu wa kuchochea moto. Zawadi ya kwanza wakagawana Peugeot na Panhard et Levassor, wote kwa injini ya asili moja.

Yaliyotokea mwaka uliofuata ni makubwa zaidi. Safari hii ilikuwa Paris hadi Bordeaux na kurudi, takriban kilomita 1,180 bila mapumziko ya usiku. Madereva waliruhusiwa kupokezana. Mchana wa tarehe 11 Juni 1895 Levassor, mwenye umri wa miaka 52, aliketi kwenye gari namba 5 pamoja na fundi wake, Charles d'Hostingue. Gari lilikuwa na viti viwili tu. Injini yake ya silinda mbili ilitoa nguvu za farasi zipatazo 4, pungufu ya nyingi ya pikipiki za bodaboda. Hapakuwa na kioo cha mbele. Usukani haukuwa wa mviringo, ulikuwa mkono wa chuma kama wa mashua. Matairi yalikuwa ya mpira mgumu usio na upepo, kwa hiyo kila jiwe la barabara lilifika uti wa mgongo.

Plagi za umeme hazikuwemo. Petroli iliwashwa ndani ya silinda na vijiti vya platinamu vyenye tundu, vilivyotokeza nje ya injini na kupashwa moto muda wote na vichomeo vidogo vya petroli hadi vikawa vyekundu. Vichomeo hivyo vilikuwa ndani ya kisanduku cha mbao, karibu na mafuta, na upepo ukivizima injini nayo ilizimika. Mtu aliyeendesha usiku aliendesha nyuma ya ndimi za moto zilizo hai. Taa zake zilimwonyesha hatua chache tu mbele. Ilisemwa kwamba kilomita 30 kwa saa katika giza hilo ni wazimu, na Levassor alifikia kasi hiyo pale barabara ilipomruhusu.

Mwenzake wa kumpokea alikuwa akimngoja Ruffec. Levassor alifika huko yapata saa tisa na nusu usiku, mapema kuliko ilivyotarajiwa. Mwenzake alikuwa amelala hotelini. Levassor hakumwamsha, akaendelea. Kabla ya saa sita mchana wa tarehe 12 alikuwa Bordeaux. Aligeuza gari baada ya dakika chache akarudi njia aliyojia, akipishana na wapinzani wake waliokuwa bado wanakwenda. Aliporudi Ruffec mwenzake sasa alikuwa macho na tayari, lakini Levassor hakumwachia usukani. Hakusimama mahali popote kwa zaidi ya dakika 22. Aliingia Porte Maillot, Paris, muda mfupi kabla ya saa saba mchana wa tarehe 13 Juni, baada ya saa 48 na dakika 48, kwa wastani wa kilomita 24 kwa saa. Wa pili alifika karibu saa sita baadaye.

Zawadi ya kwanza hakupewa. Masharti yaliitaka iende kwa gari la viti vinne, na lake lilikuwa na viwili. Faranga 31,500 zikaenda kwa Koechlin na Peugeot yake, iliyofika saa kumi na moja baada ya Levassor. Nikifikiria vizuri, waamuzi walikuwa sahihi. Walikuwa wakitafuta chombo cha kubeba familia na abiria, na gari la Levassor lilikuwa la kuthibitisha jambo moja tu, kwamba injini ya petroli inaweza kufanya kazi siku mbili bila kupoa. Jambo hilo lilithibitishwa. Kati ya magari tisa yaliyomaliza, manane yalikuwa ya petroli na moja la mvuke. Mabishano ya miaka mingi kuhusu nini kitakachoendesha magari ya kesho yalipata jibu wiki hiyo. Katika mbio hizo hizo ndugu wawili wa familia ya Michelin walishiriki na gari lenye matairi ya upepo. Walipata pancha hadi tyubu zao za akiba zikaisha, wakafika muda ukiwa umekwisha. Levassor hakuyaamini matairi hayo, na kwa mwaka 1895 alikuwa na sababu za kutoyaamini. Miaka michache tu baadaye kila mtu aliyatumia.

Septemba 1896, katika mbio za Paris hadi Marseille na kurudi zilizokumbwa na dhoruba kali, Levassor alimgonga mbwa, gari likapinduka, naye akarushwa nje. D'Hostingue akachukua usukani. Panhard nyingine, ya Émile Mayade, ndiyo iliyoshinda. Levassor hakupona vizuri. Tarehe 14 Aprili 1897 alifia kwenye meza yake ya michoro, kazini. Louise akawa mjane mara ya pili. Mchongaji Jules Dalou alibuni sanamu ya ukumbusho wa Levassor, naye Dalou akafa kabla haijakamilika. Camille Lefèvre akaimalizia, na mwaka 1907 ikazinduliwa Porte Maillot. Inamwonyesha Levassor akifika na gari lake, umbo zima likiwa limechongwa kutoka kwenye ukuta wa jiwe. Inastahili. Ninachotamani ni ukumbusho wa pili kule Cannstatt, wa mwanamke mwenye barua mkononi.

Kiti cha Levassor kikashikwa na Arthur Krebs, mwanajeshi aliyekuwa ameshirikiana na Charles Renard kuunda La France, puto la injini lililoruka mwaka 1884 na kuwa la kwanza kurudi mahali lilipoondokea. Alibuni kabureta iliyojirekebisha yenyewe. Panhard wakashinda mbio nyingi, Kombe la Gordon Bennett la kwanza mwaka 1900 likiwa mojawapo, na kwa miaka kadhaa hapakuwa na jina zito kuliko lao. Kisha wakubwa wakaja. Renault na Citroën walijifunza kuunda magari kwa maelfu, na Panhard wakabaki kuwa watu wa magari mazuri kwa wateja wachache. Kuanzia 1911 hivi hadi Vita ya Pili ya Dunia waling'ang'ania injini zisizo na vali za kawaida, zenye ala za chuma zinazopanda na kushuka ndani ya silinda. Zilikuwa kimya ajabu, zilikuwa ghali, na zilikunywa oili. Mwaka 1936 wakatoa Dynamic, gari lenye usukani katikati ya kiti cha mbele, dereva akiwa na abiria kushoto na kulia. Katika vitu hivi naona kampuni iliyoanza kusahau neno la mwanzilishi wake kuhusu gia. Levassor alikubali kelele ili gari liende. Warithi wake walichukia kelele kiasi cha kuhatarisha biashara.

Sitaki kuwahukumu kwa haraka, maana baada ya vita hawakuangushwa na hiari yao peke yake. Mpango wa serikali uliochorwa na Paul-Marie Pons, uliogawa chuma na kazi kwa viwanda vya magari, haukuwapa Panhard nafasi yenye heshima katika magari madogo. Wakajipenyeza kwa kuchukua wazo la Jean-Albert Grégoire la gari dogo la aluminiamu, na mwaka 1946 Dyna likaonyeshwa Paris. Injini yake ilikuwa na silinda mbili zilizolala, zikipozwa kwa hewa. Magurudumu yaliyovutwa na injini yalikuwa ya mbele. Kampuni iliyowafundisha walimwengu kuweka injini mbele na msukumo nyuma iliuacha mpango wake wenyewe, na ikafanya hivyo kwa ufundi mzuri. Dyna Z iliyofuata, bodi nzima ya aluminiamu, ilibeba watu sita kwa injini ya lita isiyotimia moja. Ni gari ninalolipenda kuliko yote ya kampuni hii, kwa sababu linaonyesha mafundi maskini wa chuma wakishinda kwa wepesi. Lakini hesabu za bei ya aluminiamu zilikuwa na kosa, na hasara ilipobainika wakalazimika kurudi kwenye bodi ya chuma. Wepesi ukapungua, na fedha zilikuwa zimeshakwenda. Mwaka 1955 Citroën wakanunua robo ya hisa. Mwaka 1965 wakanunua kampuni nzima. Viwanda vikawekwa kuunda vigari vya mizigo vya Citroën. Tarehe 20 Julai 1967 gari la mwisho la abiria la Panhard likatoka.

Tungeweza kuishia hapo kama jina lingekufa siku hiyo. Halikufa. Tawi moja lilikuwa likiunda magari ya kijeshi, nalo likaendelea peke yake.

Hapo ndipo Panhard ilipotufikia kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilianza kuunda AML, gari jepesi la deraya lenye magurudumu manne na mzinga, la bei ambayo serikali changa iliweza kuimudu. Yaliundwa kwa maelfu. Majeshi ya Zaire, Rwanda, Burundi na Kenya yote yaliyamiliki. Haki za kuyaunda zikauzwa hata Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, ikayaita Eland, na mwaka 1975 ikaingia nayo Angola. Haki ya kuunda kitu, ile ile iliyomsafirisha Louise hadi Cannstatt, hapa iliuzwa kwa utawala uliokuwa ukiwafunga na kuwaua watu wetu. Kwa mamilioni ya Waswahili na majirani zao, jina hili halikuwahi kuwa gari la kwenda Étretat. Waliolisoma ubavuni mwa chuma walikuwa wakiliona likiingia mjini. Siwezi kuiandika historia ya Levassor kwa mapenzi niliyo nayo kisha nikauruka ukurasa huo. Mwaka 2005 tawi hilo likanunuliwa na Auverland, mwaka 2012 likawa la Renault Trucks Defense, na mwaka 2018 jina likazamishwa ndani ya jina jipya, Arquus.

Avenue d'Ivry nayo imekuwa mtaa mwingine. Minara mirefu ya makazi ilijengwa eneo hilo, na baada ya 1975 wakimbizi kutoka Vietnam, Kambodia na Laos wakahamia huko na maduka yao. Jengo moja la kiwanda cha Panhard bado limesimama, limekarabatiwa.

Ule mstari wa Levassor sasa ndio unaotikiswa. Kwenye mabasi ya umeme yaliyoanza kubeba abiria Nairobi na Kigali hakuna haja ya klachi, gia za kuteleza zimeondoka, na mota inaweza kukaa kwenye ekseli yenyewe. Betri nzito ndizo zinazosumbua: wapo wanaozilaza sakafuni, wapo wanaozipandisha juu ya paa, wapo wanaozirundika nyuma. Kila kiwanda kina jibu lake, na wahandisi wake wanahamisha vitu huku na huku kwenye michoro, abiria wakiwa bado hawajajua ni wapi watakapoketi kwa raha.